Farasi anayelalia lijamu: uchambuzi wa kisa kimoja pwani ya kusini

Farasi na nyumba yake

Kisa hiki kinahusu farasi dume aliyehasiwa, wa damu mchanganyiko, mwenye kifua kipana na shingo nene, ambaye umri wake umeshapita miaka kumi. Alisafirishwa kwa lori kutoka kaskazini mwa Tanzania hadi pwani iliyo kati ya Lindi mjini na Mtwara. Mikoa hii miwili ina farasi wa kuhesabika, kwa hiyo kutaja kijiji ni sawa na kumtaja mwenye mali. Nimeondoa jina la mahali na alama zote za kumtambulisha mtu au nyumba. Farasi mwenyewe hapa namwita Kusi.

Kusi anaishi na jike mmoja mzee kwenye shamba la minazi na mikorosho, mali ya mama anayeendesha nyumba ndogo ya wageni. Kazi yake ni kuwapandisha wageni ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa bado na unyevu na mgumu chini ya kwato. Siku zisizo na wageni anapandwa na kijana wa nyumba hiyo, anayejifunza. Kuna pia mtunzaji, kijana mwingine aliyekulia kwenye punda na ng'ombe, mwenye mkono mtulivu ambao wanyama wanaupenda.

Jambo moja lieleweke mapema kwa sababu limebeba nusu ya maamuzi yaliyofuata. Huku hakuna duka la matandiko ya farasi, hakuna fundi wa kwato wa kudumu, wala daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni farasi. Madaktari wa mifugo tulio nao wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Ukihitaji chuma kipya cha mdomoni, yaani lijamu, unaagiza Arusha, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, na kikija si saizi yake unaanza upya.

Malalamiko

Nilipoitwa, kila aliyempanda Kusi alieleza jambo lile lile. Akianza mchakamchaka, kichwa kinashuka, shingo inanyooka mbele, na uzito wake wote unakuja mikononi mwa mpandaji kupitia hatamu. Ukivuta anavuta. Ukivuta zaidi analala zaidi. Wageni walishuka vidole vikiwa vimekufa ganzi na mabega yakiwaka moto, na safari ya kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

"Mwalimu, nitafutie chuma chenye nguvu," mama aliniambia hata kabla sijafika bandani. "Huyu siku moja ataingia na mgeni wa watu baharini."

Hofu yake ilikuwa ya haki. Farasi wa ukubwa ule asiyesimama unapomtaka asimame ni hatari kwake, kwa aliye juu yake na kwa watoto wanaookota chaza ufukweni. Kwa hiyo sikulichukulia ombi lake kama ukatili. Alikuwa na swali sahihi: huyu mnyama atasimamaje? Jibu alilokuwa nalo tayari, kwamba chuma kikali ndicho breki, ndilo nililotaka tuliweke kando mpaka tumchunguze Kusi mwenyewe.

Yaliyojaribiwa kabla

Kusi alikuja na lijamu nene yenye kiungo kimoja katikati, milimita 21 kwa unene, pete zake zikizunguka. Wengi huamini chuma kinene ni cha huruma kwa kuwa kinatandaza shinikizo. Kwenye mdomo wenye nafasi ndiyo kweli. Kwenye mdomo wenye ulimi mnene na kaakaa lililoshuka, chuma kile kinamjaza farasi kinywa asijue pa kukiweka. Upana wake ulikuwa milimita 140. Nitarudi kwenye namba hiyo.

Alipoanza kulala, rafiki wa nyumba aliyewahi kupanda farasi huko kaskazini aliwatumia lijamu ya wenzo: ile yenye mikono mirefu pembeni na mnyororo unaopita chini ya kidevu. Siku za kwanza ilionekana kama muujiza. Kusi alikuwa mwepesi, kichwa kimekunjwa, wageni wanafurahi. Baada ya muda mfupi alijifunza kukunja shingo mpaka kidevu kikakaribia kifua, na akiwa amejificha humo akaanza kulala upya, mzito kuliko mwanzo. Ngozi ya kidevu ikachubuka.

Hapo wakageukia upande wa pili kabisa: lijamu ya mpira, iliyonyooka, isiyo na kiungo, waliyoikuta stoo. Wazo lilikuwa zuri, kwamba kama ukali umeshindwa basi tuwe wapole. Kusi aliipenda. Aliing'ata kwa magego, akaishikilia, akaegemea kwa raha zake zote.

Uchunguzi

Niliomba kwanza nimwone Kusi bila kitu mdomoni, amesimama, halafu anatembea, halafu anazungushwa kwa kamba ndefu na mtunzaji akiwa na mikanda ya kichwa tu. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinagawa tatizo mara mbili. Farasi akiwa mwepesi na mwenye uwiano anapokuwa peke yake, kisha akawa mzito mtu akipanda, basi tafuta kwenye mdomo, mgongo na mpandaji. Akiwa anaporomokea mbele hata bila mtu, basi mwili wake mwenyewe una sababu.

Kusi alionyesha yote mawili. Kuzunguka kulia alikwenda vizuri kiasi. Kushoto aliinamia bega la ndani, akaongeza mwendo kadiri alivyopoteza uwiano, na mara moja akajikwaa. Hakukuwa na hatamu ya kuegemea wala mkono wa mtu, na bado alikuwa akianguka mbele polepole.

Kimaumbile farasi yeyote akisimama anabeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Mweke mtu mgongoni, nyuma kidogo ya mabega, na mzigo wa mbele unaongezeka. Kupanda farasi kwa ustadi, ukiondoa mapambo yote, ni kumfundisha apeleke sehemu ya mzigo huo nyuma: miguu ya nyuma iingie chini ya tumbo, nyonga zijikunje, mgongo uinuke. Asiyejua au asiyeweza kufanya hivyo atatafuta mguu wa tano, na mguu huo ni mikono ya mpandaji.

Kwato zilifuata. Vidole vya kwato za mbele, yaani ncha zake, vilikuwa virefu na visigino vimelala. Mchanga laini hausagi kwato kama ardhi ya mawe inavyofanya, na fundi alikuwa hajafika kwa muda mrefu kutokana na umbali. Kidole kirefu huchelewesha mguu kuinuka, kwa hiyo mwili unatangulia na mguu unafuata, farasi anajikwaa, na akishajikwaa mara kadhaa anajifunza kuomba msaada wa hatamu. Kwangu hili lilikuwa zito kuliko lijamu yoyote iliyowahi kuingia kinywani mwake.

Tandiko halikuwa na kasoro. Mgongo haukuuma nilipoukandamiza.

Mdomo ndio uliochukua muda. Mahali lijamu inapokaa ni ile nafasi tupu kati ya meno ya mbele na magego, ambako chuma hulala juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba unaofunika mfupa wa taya la chini. Ufizi huo ni mwembamba mno, na chini yake kuna mfupa wenye ukingo. Upande wa kushoto wa Kusi, ufizi ulikuwa umevimba kidogo na alirudisha kichwa nilipougusa kwa kidole. Nilipopapasa mashavu kwa nje, kwenye mstari wa magego ya juu, alikunja uso.

Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yake yanaendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake huku yakisagwa na chakula. Kwa kuwa mataya hayalingani, magego ya juu hubaki na ncha kali upande wa shavu, na ya chini upande wa ulimi. Ukifunga mkanda wa pua kwa nguvu, kama ulivyokuwa umefungwa kwa Kusi ili "asifungue mdomo", unalikandamiza shavu kwenye ncha hizo. Kanuni ninayofuata ni vidole viwili vya mtu mzima vipite chini ya mkanda, juu ya mfupa wa pua, si pembeni ambako nyama inabonyea na kukudanganya. Kwa Kusi hakikupita hata kimoja.

Suala la damu sikulisahau, na mtu wa pwani ya kusini asilisahau. David Livingstone alipoteremka Mikindani mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho, alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, na wanyama hao waliteketea njiani upande wa Ruvuma, katika nchi ya mbung'o. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, bado ipo. Farasi anayeumwa polepole, damu ikipungua wiki hadi wiki, anachoka mapema, na aliyechoka huegemea. Nilimwomba daktari wa mifugo wa eneo achukue damu aiangalie kwa darubini, kwa ajili ya nagana na kwa ajili ya vimelea vya kupe. Hakukuta kitu. Alisema kipimo kimoja kisicho na kitu hakitoshi kumaliza shaka, akarudia baadaye, na mara hiyo pia hapakuwa na kitu. Nilimheshimu sana kwa kurudia.

Mwisho nilimwangalia kijana akipanda. Mikono yake ilikuwa imeganda juu ya tandiko, viwiko vimenyooka, na Kusi alipovuta naye alijitegemeza kwenye vikuku vya miguu na kuvuta. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi kubwa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, akivuta, fungua vidole kwa hatua moja tu, kisha ushike tena." Alisita, akaogopa, kisha akafanya. Kusi alitumbukia mbele nusu hatua kwa mshangao, akainua kichwa, akatembea hatua kadhaa akijibeba mwenyewe. Zilikuwa chache, lakini zilinipa tumaini kuliko uchunguzi wote uliotangulia.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulimgusa mama mfukoni. Niliomba wageni wasishike hatamu za Kusi kwa wiki kadhaa. Wampande, lakini mtunzaji amwongoze kwa kamba iliyofungwa kwenye mikanda ya kichwa, kwa mwendo wa hatua tu. Mgeni asiyejua kupanda hushika hatamu kama kishikio, na kila safari ya namna hiyo ingemfundisha Kusi upya kwamba kuna wa kumbeba. Mama alinyamaza, kisha akauliza jike mzee anaweza kuchukua safari ngapi kwa wiki. Tukapanga.

La pili, meno. Kusaga magego ya nyuma kunahitaji kifaa cha kushikilia mdomo wazi, taa nzuri na mara nyingi dawa ya kutuliza, na hiyo ni kazi ya daktari. Alikuja daktari mwenye uzoefu na farasi, akiunganisha safari na kazi nyingine mkoani. Alikuta vidonda ndani ya mashavu yote mawili, akasaga ncha, na akathibitisha kwamba hakuna kijino kile kidogo kinachoweza kuota mbele ya magego ya juu na kugongana na lijamu. Alishauri Kusi asitiwe chuma mpaka vidonda vipone, na hilo tulilifuata kikamilifu.

La tatu, kwato zikatwe, vidole virudishwe nyuma, na baada ya hapo zisipite wiki nane bila kuguswa. Hapa mpango ulikwama. Mvua zilikuwa zimeanza na fundi alichelewa sana. Mtunzaji aliendelea kusafisha na kuziangalia kila siku, ila hakuwa na ujuzi wa kukata na sikutaka ajaribu.

La nne: lijamu ya wenzo iondoke kabisa. Mama alitaka kujua sababu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyowahi kumsimamisha. Nilimwonyesha kwa kalamu na karatasi. Kwenye chuma hicho, mkono wa chini wa pembeni ukiwa mrefu mara mbili ya mkono wa juu, kila kilo moja unayovuta kwenye hatamu hufika kwenye ulimi na ufizi ikiwa kama kilo tatu. Mnyororo nao unabana kidevu kutoka chini, na mikanda inavutwa utosini nyuma ya masikio. Kwa hiyo farasi ambaye kosa lake ni kushusha kichwa anapewa kifaa kinachomsukuma kichwa chini. Ufizi wake ulikuwa tayari umeumia. Mama alikiangalia kile chuma muda mrefu, akakitundika stoo mwenyewe.

Kuchagua lijamu

Wakati vidonda vinapona, Kusi alipandwa ndani ya uzio kwa mikanda ya kichwa isiyo na chuma. Hatua hii ilitupa jibu muhimu: alilala kidogo kuliko zamani, lakini alilala. Kwa maneno mengine, maumivu ya mdomo yalikuwa sehemu ya kisa, na sehemu nyingine haikuwa mdomoni. Kuanzia hapo sikutarajia lijamu yoyote, hata iliyotengenezwa vizuri namna gani, imalize kazi peke yake.

Bado ilibidi tuchague, na tuchague vizuri. Tulianza na kipimo. Mtunzaji alichonga kijiti laini cha unene wa kidole, tukakipitisha mdomoni mahali pa lijamu, tukatia alama pande zote mbili pale midomo inapoishia. Milimita 125. Chuma chake cha zamani, chenye 140, kilikuwa kimezidi kwa milimita 15. Kikivutwa upande mmoja kinateleza chote, na kiungo cha katikati kinaondoka katikati na kushuka juu ya ulimi na ufizi wa upande mmoja. Upande wa kushoto uliovimba ulianza kueleweka. Kwa chuma chenye pete zinazozunguka, milimita mbili hadi tatu za nafasi kila upande zinatosha, ili pete isibane ngozi ya pembe ya mdomo. Tukaandika 130.

Kisha unene. Nilifungua midomo yake upande wa mbele nikaangalia ulimi: ulikuwa mnene, umejaa nafasi yote kati ya mataya, hata ukijitokeza pembeni. Kwa mdomo wa namna hii, milimita 14 hadi 16 inaleta raha kuliko 21. Tusiende chini zaidi, kwa sababu chuma chembamba sana kinakata.

Umbo lilileta mjadala mrefu zaidi. Lijamu iliyonyooka tulishaiona: inatulia, na utulivu huo ndio unaomfaa farasi anayetaka kuegemea. Yenye kiungo kimoja hujikunja hatamu zinapovutwa na kuubana ulimi kutoka pande mbili, na kwenye mdomo mdogo kiungo kinaweza kukaribia kaakaa. Nilipendelea yenye viungo viwili, katikati ikiwa na kipande kifupi cha mviringo, kilicho laini pande zote. Inalala juu ya ulimi kufuata umbo lake, na kila upande unaweza kusogea peke yake, kwa hiyo ukifumba vidole vya kushoto Kusi anasikia kushoto.

Pete tulizibakiza zile zinazozunguka. Pete zisizozunguka huwafaa farasi wenye wasiwasi, wanaohitaji mkono usiotikisika mdomoni. Kusi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alihitaji chuma kisichokaa mahali pamoja muda wa kutosha kukifanya mkongojo.

Fundi wa kuchomelea wa pale mtaani, mtu hodari aliyekuwa ametutengenezea lango la uzio, alijitolea kuunda lijamu hiyo kwa vipimo vyetu. Tulimshukuru tukakataa. Mshono wa kuchomelea unaacha ukwaruzo ambao jicho halioni lakini ulimi unausikia, chuma cha kawaida hupata kutu haraka kwa chumvi ya bahari, na kiungo kikikatika farasi akiwa mbioni hakuna wa kukuokoa. Tuliagiza ya chuma kisichoshika kutu. Ya kwanza kuletwa ilikuwa pana kuliko tulivyoandika. Tuliirudisha na basi lile lile badala ya kujiridhisha kwamba "imekaribia".

Mafunzo

Kusi alifanyishwa kazi asubuhi na mapema, dakika 20 hadi 25, hakuna zaidi. Farasi anayejifunza kujibeba anatumia misuli asiyoizoea, na ikichoka anarudi kwenye hatamu. Ukiendelea kumpanda wakati huo unafuta ulichofundisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubadili mwendo mara kwa mara: hatua, simama, hatua, mchakamchaka kwa urefu wa minazi michache, hatua tena. Kila badiliko humlazimu farasi kupanga miguu ya nyuma upya, na akikaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu anaanza kuteleza mbele. Hatua chache za kurudi kinyumenyume, kwa utulivu, bila kumburuta. Miduara mikubwa, zaidi upande wa kushoto. Mianzi iliyolazwa chini kwa umbali wa mita 1.2 hadi 1.4 kwa ajili ya mchakamchaka, ili ainue miguu na kuangalia anakokwenda. Na kuna mteremko wa wastani unaopanda kutoka ufukweni, ambao mtunzaji aliugeuza kuwa chuo: kupanda taratibu kwa hatua, na kushuka taratibu zaidi, akisimama katikati.

Kwa kijana tulifunga mkanda shingoni mwa Kusi. Alipohisi mvuto unakuja, ashike mkanda kwa kidole kimoja, asivute hatamu nyuma, akae wima, afumbe vidole, kisha aachie. Kuachia ndiko kunakofundisha. Farasi hajui kwamba kufumba vidole kunamaanisha "jibebe". Anajua tu kwamba alipojibeba, kitu kilichokuwa kikimsumbua kiliondoka mara hiyo hiyo. Ukichelewa kuachia, amekosa jibu. Kijana huyu alipata taabu sana na jambo hili kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshazoea vita, na siku alipolipata alishuka akiwa amefurahi hata hakusema neno.

Matokeo

Chuma kipya kiliingia mdomoni vidonda vikiwa vimepona. Kusi alikitafuna kidogo, akameza mate, akatulia na mdomo umefungwa bila mkanda wa pua kubana. Kufikia wiki ya sita ya mafunzo, kwa hatua na kwa kusimama alikuwa mwepesi wa kushikwa na vidole. Mchakamchaka ulikuwa mzuri kulia, na kushoto ukawa wa kupanda na kushuka.

Kwato zilipokatwa, ndani ya siku chache kujikwaa kulikoma. Mabadiliko haya yaliwashangaza watu wa nyumba kuliko yote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyahusisha na uzito wa mikono.

Kulikuwa na kurudi nyuma kumoja. Mkesha wa sikukuu nyumba ilijaa, na mgeni aliyesema anajua kupanda alipewa Kusi na hatamu zake. Kwenda kulikuwa salama. Kurudi, jua likizama na banda likionekana, Kusi alilala kama zamani na mgeni akavuta kama wote. Hakuna aliyeumia, lakini siku zilizofuata ilibidi tuanze tena na kusimama na kwenda. Mtunzaji alilichukulia moyoni. Nilimwambia kwamba farasi hakusahau, alijibu tu kile mikono ile ilichomwuliza.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Mambo mengi yalibadilishwa karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo siwezi kugawa sifa kwa usahihi. Hata hivyo mpangilio wa matukio unasema kitu. Kipindi cha kupanda bila chuma kilitenganisha mdomo na mwili. Ucheleweshaji wa fundi wa kwato, ingawa ulituumiza, ulionyesha kwamba kulikuwa na sehemu ya uzito ambayo wala meno yaliyosagwa, wala mafunzo, wala chuma kizuri havikuigusa mpaka vidole vilipokatwa. Kwa hukumu yangu, kwato na mikono ya wapandaji vilibeba sehemu kubwa ya kisa hiki, meno yakafuata, na lijamu ikawa ya mwisho.

Kuwa ya mwisho hakuifanyi ndogo. Chuma cha milimita 140 kwenye mdomo wa 125 kingeendelea kuumiza ufizi ule ule, na hakuna mafunzo yanayoshinda maumivu. Mchango wa lijamu mpya ulikuwa kumwondolea Kusi sababu ya kupigana na mkono, ili mkono upate nafasi ya kufundisha. Tukiipima kama breki, tungeiona dhaifu na kurudi kwenye mnyororo.

Mpango wa wageni ndio uliokuwa dhaifu. Ulitegemea kila mtu wa nyumba akumbuke, siku nyumba imejaa na kila mtu anaitwa huku na huku. Sasa hatamu za Kusi zinafungiwa stoo na ufunguo anao mtunzaji, na mama ndiye aliyependekeza hivyo.

Jambo moja halijaisha. Upande wa kushoto bado ni mzito, hasa akichoka, na sijaridhika kwamba ni mazoea tu. Daktari akija kwa ukaguzi unaofuata wa meno ataangalia pia bega na mguu wa mbele wa kushoto. Mpaka hapo, mbio za duara upande huo zimesitishwa. Lijamu inaoshwa kwa maji baridi kila inapotoka ufukweni, na mtunzaji anapitisha kidole kwenye matundu ya pete, kwa sababu mchanga na chumvi huyapanua na ukingo wake ukichakaa utabana pembe za midomo.